Wakishinda Hawa Wanapata Nini?

Jumatano, saa kumi na moja kasoro jioni, jukwaa kuu la uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mechi ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, imeingia kipindi cha pili. Timu ya hapa mjini inaongoza bao moja, wageni wametoka upande wa pili wa nchi kwa basi, na jukwaani tuko wachache kiasi kwamba muuza karanga ameshaacha kuuza, ameketi anatazama mpira kama sisi. Nyuma ya ukuta wapiga debe wa stendi wanaita Moshi, Moshi, Moshi, na sauti yao inaifunika ya kwetu.

Mbele yangu amekaa mzee mmoja na mjukuu wake. Dogo kavaa jezi ya Yanga, jambo la kawaida. Huku kwetu hata mechi ya kata utamkuta mtu na jezi ya Yanga au Simba.

"Babu, hawa wakishinda wanapata nini?"

"Pointi tatu."

"Halafu?"

Mzee akafikiri kidogo. "Halafu wanacheza tena Jumapili."

Mtoto hakuuliza tena, akarudi kwenye muwa wake. Mimi ndiye niliyeondoka na swali, na wiki kadhaa sasa linanisumbua kwenye daladala, kazini, hata kanisani (mchungaji akisoma hapa anisamehe).

Kwa sababu ukweli ni kwamba timu nyingi za madaraja ya chini hazipandi wala hazishuki. Zinamaliza ligi ya nane, ya tisa, ya kumi. Kufikia mwezi wa tatu hazina cha kugombania, lakini bado zinapanda basi kwenda Kigoma.

Ukumbi wetu, harusi za watu

Fainali zenyewe Arusha tumeziona. Tarehe 2 Juni 2018 Mtibwa Sugar waliifunga Singida United 3-2 hapo hapo Sheikh Amri Abeid na kubeba Kombe la Shirikisho, hili la hapa nchini. Tarehe 2 Julai 2022 wakaja Yanga na Coastal Union wakatupa mechi ambayo vijiweni bado inasimuliwa: 3-3, Abdul Suleiman "Sopu" kafunga yote matatu ya Coastal, na bado Coastal wakalala kwa penalti. Siku ile ukitaka kuvuka barabara ya uwanjani ilibidi uombe njia.

Hakuna hata moja iliyokuwa yetu. Tumekuwa wenye ukumbi: watu wanakuja kufunga ndoa, wanakula, wanacheza, wanaondoka na bibi harusi wao, sisi tunabaki kufagia.

Tangu JKT Oljoro waiage Ligi Kuu mwaka 2014 mji huu umekaa muda mrefu ukiitazama ligi hiyo kwenye televisheni. Moshi walipata afueni pale Polisi Tanzania walipocheza Ligi Kuu wakitumia uwanja wa Ushirika, nao wakashuka 2023. Wazee wa AFC, timu kongwe ya mji huu, ukiwapa nafasi watakusimulia mpaka chai ipoe. Mimi nawasikiliza kwa heshima, ila najua wanazungumzia kitu ambacho vijana wa Ngarenaro na Unga Limited hawajawahi kukiona kwa macho.

Najua mtaniambia Kombe la Shirikisho liko wazi kwa wote. Ni kweli, na mfano mtakaoutoa naujua kabla hamjaandika: Desemba 2017, Green Warriors, timu ya Daraja la Pili, iliitoa Simba kwa penalti. Simba walikuwa ndio mabingwa watetezi, na haikuchukua muda kocha Joseph Omog akaonyeshwa mlango. Mwaka uliofuata, Desemba hiyo hiyo, Mashujaa wa Kigoma wakawafunga Simba 3-2.

Sasa niulize na mimi. Nani anakumbuka Green Warriors walicheza na nani baada ya hapo?

Nimewauliza watu wa mpira, wale wanaotaja kikosi cha Taifa Stars cha miaka ya sabini bila kukwama. Wote wanakumbuka penalti. Wote wanamkumbuka Omog. Hakuna aliyekumbuka raundi iliyofuata. Ile hadithi tumeihifadhi kama aibu ya Simba. Ya Green Warriors ndani yake ni ndogo sana.

Kombe lililoanza kwa balaa la farasi

Usiku ule wa Jumatano nilianza kutafuta kwenye simu: kuna nchi imewahi kuwapa wadogo kombe lao wenyewe? Kuna kadhaa. Lililonishika ni la Uingereza, hili ambalo sasa linaitwa EFL Trophy, la klabu za daraja la tatu na la nne. Limebadilisha majina kuliko mtu anayekimbia madeni, na nitafika huko.

Lilianza msimu wa 1983/84. Jina la kwanza lilikuwa Associate Members' Cup, Kombe la Wanachama Washirika. Klabu za madaraja mawili ya juu zilikuwa wanachama kamili wa Football League, chombo kilichoendesha ligi, zile za chini zilikuwa "washirika" tu, zisizo na kura kamili. Yaani wakubwa waliwapa wadogo kombe na kwenye jina lake wakawakumbusha kwamba mezani hawakai sawa.

Fainali ya kwanza ilipangwa Wembley, uwanja wao wa taifa kule London. Haikuchezwa Wembley. Eneo la kuchezea lilikuwa limeharibiwa na maonyesho ya farasi, kwa hiyo mechi ikahamishiwa Hull, kwenye uwanja wa mmoja wa wanafainali. Hull City wakacheza nyumbani, na bado Bournemouth wakawafunga 2-1. Kocha wa Bournemouth alikuwa Harry Redknapp, ambaye wengi wetu tulikuja kumfahamu miaka mingi baadaye akiwa dirishani kwa gari anaongea na waandishi siku za usajili.

Hapa ndipo nilipokwama kwa mara ya kwanza, na karibu niache kuandika.

Kwa sababu Bournemouth hao hao, msimu huo huo, Januari 1984, walikuwa wameitoa Manchester United kwenye Kombe la FA. 2-0. United walikuwa mabingwa watetezi. Kwa lugha yetu, hao ndio Green Warriors wao. Msimu mmoja, klabu moja ndogo: kwenye kombe la wazi imeangusha mbuyu, kwenye kombe la wadogo imebeba kikombe mjini Hull kwa sababu farasi walipita Wembley. Umuulize shabiki wa Bournemouth mwenye umri wangu anakumbuka kipi, unadhani atajibu nini?

Atajibu United. Na mimi ningejibu hivyo.

Kwa hiyo nikajiambia basi, hoja imekufa. Wadogo hawahitaji kombe lao, wanahitaji tu droo nzuri dhidi ya Simba. Nikafunga simu nikalala.

Kisha nikakutana na 1988

Kilichonirudisha ni namba moja: 80,841.

Hao ni watu walioingia Wembley mwaka 1988 kutazama fainali ya kombe hili kati ya Wolves na Burnley. Timu zote mbili zilikuwa daraja la nne. La nne! Chini yao kulikuwa hakuna ligi ya kulipwa.

Lakini hebu angalia ni akina nani. Wolves walikuwa mabingwa wa Uingereza 1954, 1958 na 1959. Burnley mabingwa 1960. Wote wawili walikuwamo kati ya klabu 12 zilizoanzisha Football League mwaka 1888, maana yake mwaka ule wa fainali ligi yenyewe ilikuwa inatimiza miaka mia. Wolves walishuka madaraja matatu mfululizo kuanzia 1984 hadi 1986, na njiani nusura klabu ifungwe kwa madeni. Burnley, Mei 1987, waliingia siku ya mwisho ya msimu wakihitaji ushindi ili wasitupwe nje ya ligi kabisa. Wakaifunga Orient 2-1 wakapona. Aliyetupwa nje badala yao ni Lincoln City. Mshikilieni huyo Lincoln, tutakutana naye tena.

Wolves walishinda 2-0. Steve Bull hakufunga siku hiyo, japo msimu ule alifunga mabao 52 katika mashindano yote, na 12 kati ya hayo yalitoka kwenye kombe hili hili ambalo wakubwa walikuwa wanalicheka.

Mwaka huo huo wa 1988, kwa wanaopenda sadfa, Coastal Union walikuwa mabingwa wa Tanzania. Miaka miwili kabla yao walikuwa Tukuyu Stars. Mseto ya Morogoro ilitwaa 1975, Pan African 1982. Mtaje leo Mseto mbele ya kijana wa miaka ishirini uone anavyokuangalia.

Hapo ndipo niliona nilichokuwa nakikosa. Droo dhidi ya mkubwa ni bahati, inakuja au haiji, na ikija asilimia kubwa unachapwa nne ukarudi zako nyumbani. Wolves na Burnley mwaka ule hawakumsubiri mkubwa yeyote awape maana. Walikuwa na siku yao wenyewe, kwenye uwanja uliokuwa mkubwa kuliko hali yao, na mashabiki waliokuwa wamepotea miaka minne mitano wakarudi wote kwa mkupuo. Hakukuwa na Liverpool wa kuwafunga njiani. Kwa muundo wa kombe lenyewe, ilikuwa lazima wadogo wawili wafike.

Lazima. Haikutegemea bahati.

Vani, vioo, rangi na piza

Sehemu hii ni ya kuchekesha kidogo, vumilieni.

Wadhamini wa kombe hili ukiwapanga unapata picha nzima ya mtaa wa mafundi. Freight Rover, watengeneza vani. Sherpa Van, vani tena. Leyland DAF, vani na malori. Autoglass, vioo vya magari. Auto Windscreens, vioo tena. LDV Vans. Johnstone's Paint, rangi za nyumba, hao walikaa miaka kumi. Checkatrade, ambao kazi yao ni kukutafutia fundi. Papa Johns, piza. Siku hizi ni wauza magari. Na ukifuatilia zaidi utakuta Freight Rover, Sherpa, Leyland DAF na LDV ni ukoo mmoja wa kiwanda cha vani, kilikuwa kinabadilisha wamiliki na kombe linabadilisha jina pamoja nacho.

Nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Hawa ni wadhamini wa saizi ya wachezaji na mashabiki wenyewe. Shabiki wa daraja la nne ndiye anayeendesha ile vani, ndiye anayepaka ile rangi. Hakuna aliyengoja benki kubwa au kampuni ya simu.

Sisi mtu akitaja udhamini wa soka anafikiria wale wale wanne watano wa kitaifa, ambao wote wanataka Kariakoo dabi. Lakini zunguka Arusha: wauza mabati, wenye viwanda vya matofali, maduka ya pembejeo, kampuni za utalii zenye Land Cruiser kibao zilizoegeshwa msimu wa mvua. Wateja wa hao wako hapa hapa kaskazini. Hawahitaji mechi ionekane Mtwara.

Arobaini elfu wa timu iliyokufa

Kuna fainali nyingine siwezi kuiruka. Aprili 2009, Luton Town dhidi ya Scunthorpe.

Luton msimu ule walianza ligi wakiwa wamekatwa pointi 30. Thelathini. Kumi kwa makosa ya malipo ya mawakala, ishirini kwa namna klabu ilivyotoka kwenye ufilisi. Kosa la viongozi, adhabu ya wachezaji na mashabiki. Unajua hii hadithi, majina tu ndiyo yanabadilika. Kushuka kulikuwa suala la tarehe.

Katikati ya msiba huo wakafika fainali ya kombe la wadogo. Zaidi ya mashabiki 40,000 wa Luton walikwenda Wembley. Wakashinda 3-2 dakika za nyongeza, bao la ushindi la Claude Gnakpa. Wiki chache baadaye wakawa nje ya ligi ya kulipwa, na kombe lile hawakuruhusiwa hata kulitetea kwa sababu halikuwa la watu wa daraja walilokwenda.

Mwaka 2023 Luton walipanda Ligi Kuu ya Uingereza. Siwezi kusema kombe ndilo lililowapandisha, ingekuwa uongo. Ila nikiwaza wale arobaini elfu wangeambiwa tu "mnashuka, kwaherini", bila ile Jumapili moja, sioni wangapi wangekuwa bado wanalipa kiingilio miaka mitano kwenye viwanja vya vijijini.

Huku kwetu timu ikishuka haiagwi. Inafutika. Basi linauzwa, wachezaji wanatafuta ajira, jezi unazikuta mtaani kwa wanaobeba zege.

Mlango ulipofunguliwa

Halafu ikaja 2016, na hapa ndipo watetezi wa kombe hili wananuna mpaka leo.

Msimu wa 2016/17 waliingizwa wageni 16: timu za vijana za klabu kubwa. Sababu iliyotolewa ni njema, kama ilivyo kawaida ya sababu za namna hiyo. Vijana wa taifa wanahitaji mechi ngumu, kombe linahitaji fedha na mvuto. Mashabiki wa timu ndogo waliona kitu kingine. Waliona mkubwa ambaye hakuridhika na kula sahani yake, sasa anamleta mwanawe ale kwenye ya kwao. Wakasusa. Viwanja vikawa vitupu raundi za mwanzo, tena vitupu kwa makusudi.

Na sheria zikazidi kuchekesha. Timu ndogo ililazimishwa kuanza na wachezaji wasiopungua watano wa kikosi cha kwanza, isipofanya hivyo inapigwa faini. Bradford City wakampanga kipa wao namba moja, Colin Doyle, wakamtoa dakika ya tatu. Sheria imetimizwa, kipa kaenda kuoga. Luton na Portsmouth walipigwa faini ya pauni 15,000 kila mmoja kwa kuchezesha vikosi dhaifu.

Tafakari hapo. Kombe limefunguliwa ili vijana wa wakubwa wapate uzoefu, halafu mdogo akichezesha vijana wake mwenyewe analipa faini.

Uskoti nao mwaka huo huo waliingiza timu za vijana za ligi yao ya juu kwenye kombe lao la madaraja ya chini. Hili ni gonjwa la kuambukiza, ndiyo maana naliandika mapema kabla halijatufikia, hata kama kombe lenyewe bado hatuna.

Mwaka 2018 vijana wa Chelsea walifika nusu fainali. Waliocheza nao ni Lincoln City, wale wale waliotupwa nje ya ligi 1987 ili Burnley wapone. Sare ya 1-1, Lincoln wakashinda kwa penalti, wakaenda Wembley kwa mara ya kwanza katika historia yao, wakaifunga Shrewsbury 1-0 wakabeba kombe. Klabu iliyoanzishwa 1884. Penalti moja mbili zingekwenda upande mwingine, nafasi yao Wembley ingechukuliwa na watoto wa miaka kumi na tisa ambao kufika Wembley kwao ni suala la muda tu.

Nikiri kuna kitu kinaniharibia hoja. Ile fainali ya 2017, msimu wa kususa, iliingiza watu 74,434 kuwatazama Coventry na Oxford. Na 2019 Portsmouth na Sunderland waliingiza 85,021, rekodi ya kombe hili, kuliko hata fainali ya Kombe la Ligi ya mwaka huo kati ya Manchester City na Chelsea. Kwa hiyo mtu anaweza kusema timu za vijana hazikuua chochote. Nimelipima hili muda mrefu. Ninavyoona, fainali zote hizo zilikuwa za wadogo wawili. Siku mmoja wa wanafainali atakapokuwa timu ya vijana ya klabu kubwa ndipo tutajua, na mimi sitaki kujua.

Jamaa yangu wa Moshi hakubali

Nilimpelekea mawazo haya rafiki yangu wa Moshi, mtu wa mpira tangu enzi za Ushirika, sasa anauza vipuri vya pikipiki Majengo. Nikampigia nikidhani atafurahi.

"Kaka, unataka kututengea zizi letu."

Ndivyo alivyosema. Hoja yake ni kwamba mpira wa nchi hii tayari una tabaka mbili, Kariakoo na wengine. Ukiwapa wengine kombe lao, kesho atatokea kiongozi aseme basi hawa wana la kwao, tuwatoe kwenye Shirikisho, ratiba imebana. Nikamwambia Uingereza wadogo wana hili na bado wanacheza Kombe la FA. Akacheka. "Uingereza wana ratiba, sisi tuna barua za kuahirisha."

Hapo sikuwa na jibu zuri, na mpaka sasa sina. Hofu yake ni halali.

Lakini akaendelea mwenyewe, bila kujua ananisaidia, akanisimulia kombe la diwani la mtaa wao lililoisha majuzi. Mshindi wa kwanza ng'ombe, wa pili mbuzi. Watu mpaka juu ya miti. Akina mama wameacha mabanda. Watoto wa shule wamepanda ukuta. Nikamuuliza, na mara ya mwisho kwenda Ushirika kutazama mechi ya ligi ilikuwa lini. Akanyamaza kidogo akasema, "Ile ni tofauti."

Ni tofauti, ndiyo. Kwenye kombe la mbuzi, ndani ya wiki mbili tatu mtu anajua kuna fainali, na timu ya kwao inaweza kuwa ndani yake. Watu wetu hawajachoka na mpira mdogo. Wamechoka na mpira mdogo usio na mwisho wa kuusubiri. Championship ina wachezaji wazuri kuliko kombe lolote la diwani, lakini haina ng'ombe.

Ningelipanga hivi

Basi, kwa kuwa blogu ni yangu, nalipanga.

Klabu za Championship na First League (daraja la tatu) peke yake, kila daraja na fainali yake, na mabingwa wa mikoa ikiwezekana. Ligi Kuu hakuna, na timu za vijana za Simba, Yanga, Azam wala yeyote mwenye timu Ligi Kuu hakuna. Hili liandikwe kwenye kanuni kwa namna ambayo mtu akitaka kulibadilisha itabidi klabu zenyewe zipige kura, moja moja, majina yakisomwa. Watakuja na televisheni mkononi siku moja. Waingereza nao walijiwa hivyo hivyo.

Raundi za mwanzo zichezwe kwa kanda. Hili Waingereza walilifanya tangu zamani, kaskazini na kusini wakakutana mwisho, na sababu ni nauli tu, hakuna falsafa. Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga zikutane zenyewe kwa zenyewe. Timu inaondoka Arusha asubuhi, inacheza Moshi saa kumi, wachezaji wanalala kwao. Na mashabiki wanaweza kufuata, kitu ambacho kwenye ligi ya nchi nzima hakiwezekani labda uwe na likizo na shangazi kila mkoa.

Katikati ya wiki hapana. Nyie mnaopanga mechi Jumatano saa kumi mnadhani nani anakuja?

Siku ya fainali nitaiba wazo lingine. Tangu 2016 Waingereza wa ngazi ya chini zaidi, wa FA Trophy na FA Vase, wanacheza fainali zao mbili siku moja Wembley kwa tiketi moja. Tufanye hivyo. Fainali ya First League saa saba na nusu, ya Championship saa kumi, kiingilio kimoja, miji minne imo uwanjani kwa mpigo. Coastal walipokuja 2022 nusu ya Tanga ilipanda huku kwa mabasi. Hebu fikiria miji minne.

Zawadi kubwa ya fedha siidai. Nadai kila bingwa aingie Kombe la Shirikisho msimu unaofuata moja kwa moja raundi ambayo Ligi Kuu wanaanzia, acheze nyumbani. Hapo hofu ya jamaa yangu wa Moshi inapata kizuizi cha maandishi, maana huwezi kuwatoa wadogo kwenye Shirikisho ilhali kanuni imemhakikishia bingwa wao nafasi. Nilimwambia hili mara ya pili nilipompigia. Akasema bado anafikiria, ila akauliza kama fainali ikiwa Arusha basi nusu fainali zije Ushirika.

Nikamwambia hilo tunaweza kuzungumza. Kuhusu fainali yenyewe sizungumzi: Olmoti, hapa hapa Arusha, kunajengwa uwanja kwa ajili ya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, na wageni wa AFCON wakishaondoka utahitaji mechi za kuujaza. Simba na Yanga watakuja mara moja moja, wakijisikia. Tarehe ya fainali ya wadogo iwekwe kwenye kalenda yake kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya ligi kuisha, kabla hajatokea mtu wa kuikodisha kwa tamasha.